Mpira Niliouharibu Mara Nne

Jumapili iliyopita nilinunua mafuta ya pamba kwa mama mmoja anayeyapima kwenye chupa za soda. Nikayamimina kikaangoni, na kabla hayajapata moto harufu yake ikanifanya nizime jiko. Ni harufu nzito ya mbegu na vumbi, inayofanana kidogo na ya gunia lililolowa. Mtu mwingine angefikiria chakula. Mimi nilitazama vidole vyangu, nikavifuta kwenye gauni, kisha nikavifuta tena.

Wengi wa rika langu wakiandika juu ya utoto wao huwa ni watoto wema waliotendewa vibaya. Mimi sikuwa mwema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilimwonea wivu bibi kizee, nikaharibu kitu, nikanyamaza wakati lawama zinamwangukia yeye. Ndugu zangu huniambia, "Yaache hayo, yameshapita." Siyaachi. Kama yangekuwa yamepita, nisingezima jiko.

Mjomba wangu Maduhu alikuwa na banda la gemu hapa Bariadi, kwenye barabara inayopita mbele ya kiwanda cha kuchambua pamba. Nilikuwa naishi kwake, nyumba ya nyuma ya banda, ili nisome shule ya mjini. Msimu wa pamba ukianza, nyuzi nyeupe zilitoka kiwandani na upepo, zikanasa kwenye wavu wa dirisha, kwenye nywele, juu ya chai. Tulizinywa. Hakuna aliyekuwa anaziona tena.

Bandani kulikuwa na televisheni tatu za gemu za mpira wa miguu, na pembeni kompyuta moja kuukuu ambayo Mjomba aliinunua Mwanza ikiwa imeshatumika. Chini kabisa ya boksi lake tulikuta kifaa cha ajabu. Kilikuwa kama kipanya cha kompyuta kilicholazwa chali: mpira mwekundu mgumu, ukubwa wa limau, umekaa kwenye kikombe cha plastiki, nusu ukionekana juu. Hukisogezi kifaa chenyewe. Unauviringisha mpira kwa kiganja, na kitu kilichoko kwenye skrini kinaufuata.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu inayoigiza mashine za gemu za zamani, zile zilizokuwa zinasimama kama kabati huko ughaibuni kabla sisi hatujazaliwa. Gemu iliyopendwa ni moja. Unaiongoza gololi iteremke kwenye njia nyembamba zinazoning'inia hewani, huku saa inahesabu. Ukikosea kidogo, gololi inaanguka na kuvunjika vipande. Kulikuwa na njia sita. Sitta, kijana wa darasa la saba ambaye ndiye alikuwa bingwa wa banda, alifika ya tano mara moja tu, na aliisimulia habari hiyo mpaka wadogo zake wakaijua kwa moyo.

Mimi niliishia ya tatu. Kwa mtoto mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa mtoto wa kufuta herufi moja kwenye daftari mpaka karatasi itoboke, kwa sababu mkia wa "g" haukukaa vizuri. Nilikuwa narudi kuangalia kama nimefunga mlango, halafu narudi kuangalia kama nilipoangalia niliangalia vizuri. Njia ya tatu ilinikosesha hamu ya kula.

Mlangoni mwa banda alikaa Bibi Minza. Aliuza karanga za kukaanga, kwenye ungo, akipima kwa kikopo cha nyanya. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na wateja wengine walikuwa wanamwambia awapimie kwa wa kulia. Hakuwahi kukubali. "Karanga haina mkono," aliwajibu. "Kama hutaki, pita."

Mchana mmoja wa likizo, banda likiwa tupu, aliingia kuomba maji. Alinikuta ninaupiga mpira vibao, machozi yananilengalenga.

"Ng'wanone, mwanangu, amekukosea nini huyo?" aliniuliza.

"Gololi inaanguka, Bibi."

"Na wewe ungepigwa hivyo ungesimama? Sogea."

Akaweka kiganja cha kushoto juu ya mpira. Hakuusukuma. Aliuzungusha polepole, vile vile alivyozipikicha karanga kwenye ungo ili maganda yatoke bila kuvunja punje. Gololi ikashuka njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sitta na wenzake waliingia wakati ipo ya nne, wakasimama nyuma yake. Ya tano. Ya sita. Bendera ikapanda, na kompyuta ikapiga muziki ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameusikia.

"Bahati," alisema Sitta.

"Kumbe hii ndiyo kazi inayowakosesha shule?" Bibi Minza akacheka, akanywa maji yake, akarudi kwenye karanga.

Wote walicheka isipokuwa mimi. Nilikuwa naangalia kiganja chake. Kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya karanga, siku zote kilikuwa kinang'aa, na katika kichwa changu cha miaka kumi na mmoja jibu likaja limekamilika: siri ni mafuta. Asubuhi yake, kabla Mjomba hajafungua, nilichukua mafuta jikoni. Ya karanga hatukuwa nayo, tulikuwa na ya pamba. Nikautoa mpira kwenye kikombe chake, nikaupaka kama mtu anayempaka mtoto mchanga, nikaurudisha. Niliona fahari. Niliona nimegundua jambo ambalo watu wazima hawakuliona.

Siku ya kwanza mpira uliteleza vizuri. Ya pili ukaanza vituko. Unauviringisha, gololi haiendi. Unauviringisha tena, haiendi. Ghafla inaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto, inaanguka. Sitta alianguka njia ya kwanza mara nane mfululizo.

"Mnajua imeanza lini?" akauliza, akigeuka kwetu. "Tangu yule bibi aiguse."

"Na kwa mkono gani?" akadakia mwingine.

"Wa kushoto."

Neno lenyewe, uchawi, hakuna aliyelitamka. Halikuhitajika. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nimekunja vidole ndani ya mikono ya sweta, na nilijua. Nilisubiri mtu mwingine aseme kitu. Sijui nilidhani nani angesema, maana aliyejua ni mimi peke yangu.

Mjomba Maduhu hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, au ndivyo alivyojitangaza. Alifungua orodha ya mipangilio ya ile programu, akatafuta sehemu ya mpira, akapandisha namba. Pembeni ya namba kulikuwa na neno refu la Kiingereza, sensitiviti. Kwenye kamusi ya shule nililikuta limeelezwa kama hali ya kuwa mwepesi wa kuhisi au kuumia. Nikaelewa, kwa uhakika wote, kwamba hapo ndipo mashine inapoonyesha imeumia kiasi gani. Mjomba aliipandisha mpaka 255, ikagota. Nilipoiona namba hiyo nilikwenda chooni nikalia. Niliamini nimeiumiza mashine mpaka mwisho wa maumivu.

Haikusaidia. Ilizidi. Sasa gololi ikiamua kwenda, inakwenda hadi nje ya skrini. Wateja wakaanza kuhamia banda la upande wa stendi, na walipopita mlangoni walimzunguka Bibi Minza kwa mbali, kama wanaokwepa dimbwi. Karanga zilibaki kwenye ungo mpaka jioni. Mama mmoja alimvuta mtoto wake aliyekuwa ameshanyoosha mkono.

Siku ya nne Mjomba alitoka, akachuchumaa mbele yake.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima zote anazopewa mama.

"Mwadila. Sema, Maduhu. Umechuchumaa kama una jambo."

"Nilikuwa naomba usogee kidogo. Hata pale kwa fundi viatu. Kwa muda."

"Kwa sababu ya nini?"

"Watu wanasema sema."

"Wanasema nini? Litamke."

"Mimi sijasema wewe ni mchawi, mayu. Nimesema usogee."

Bibi Minza alimwaga karanga kwenye mfuko, akauweka ungo kichwani, akaondoka. Hakwenda kwa fundi viatu. Alikwenda Sapiwi, kwa kaka yake. Sitta alisema, "Mmeona? Amejijua." Na mimi nilinyamaza tena. Nimekihesabu kimya kile. Kilidumu siku tisa, kuanzia mpira ulipoanza kuharibika. Natamani niseme nilisumbuliwa na dhamiri tu, lakini nusu yake ilikuwa hofu ya kuonekana nimekosea. Kwa mtoto kama mimi hicho ndicho kilikuwa kifo.

Kilichonisukuma mwishoni ni ule mlango. Nilikuwa narudi kuuangalia kama umefungwa, na kila niliporudi niliona alama ya duara kwenye vumbi, mahali ungo ulipokuwa unakaa. Siku ya tisa mtu aliegesha baiskeli juu yake. Nilihisi hasira ambayo sikuwahi kuihisi, na nilijua ninayemkasirikia ni mimi.

Banda lilifungwa mchana huo, Mjomba alikuwa amekwenda Maswa. Nikautoa mpira, nikachungulia ndani ya kikombe. Kulikuwa na vijiti viwili vya chuma vinavyozunguka mpira unapovigusa. Havikuonekana. Vilikuwa vimevikwa nguo. Nyuzi za pamba zilizoingia na upepo zilikuwa zimenasa kwenye mafuta yangu, zikajizungusha na kujizungusha mpaka zikawa kitambaa cha kijivu, kigumu kama soli ya kandambili. Nikazichokonoa kwa mwiba wa mgunga. Katikati ya uchafu kulikuwa na kitu kingine, unga mweusi wenye harufu ya mizizi iliyochomwa. Mimi sikuwa nimeweka unga wowote, na mwingine aliyeweza kuingia banda likiwa limefungwa ni Mjomba peke yake.

Nilikaa chini nikicheka peke yangu, cheko la woga. Mjomba asiyeamini mambo hayo alikuwa ameshatafuta dawa kwa mganga, akaimimina kwenye mashine. Tulikuwa wawili wenye siri kwenye kikombe kimoja.

Nilisafisha kila kitu, nikaurudisha mpira. Gololi iliruka nje ya skrini kwa mguso wa kidole kimoja. Hapo ndipo kamusi ilinitoka kichwani. Ile namba haikuwa maumivu. Ilikuwa ni mpira ukizunguka hivi, gololi iende kiasi gani. Mjomba alikuwa amepandisha namba kuupigia kelele mpira uliozibwa masikio, na sasa masikio yamezibuliwa, kelele bado zipo. Nikaanza kushusha. 200. 150. 90. Kuna mahali pawili, niligundua hilo kwa kubahatisha: programu ina namba yake, na kompyuta yenyewe ina kasi yake ya kipanya, na Mjomba alikuwa amezipandisha zote mbili. Ukishusha moja, nyingine inakudanganya. Nikairudisha ya kompyuta katikati, nikahangaika na ya programu peke yake. Kwenye 35 niliweza kuisimamisha gololi ukingoni kabisa mwa njia, nikaiacha hapo, haikuanguka. Hakuna aliyenifundisha. Nalisema hilo kwa kiburi, na sikiombei radhi.

Kesho yake, Jumamosi, banda lilipojaa, nilisimama juu ya stuli.

"Gemu imepona," nilisema. Nikaongeza sauti ili hata wa mlangoni wasikie. "Na aliyeiharibu ni mimi. Nilipaka mpira mafuta ya pamba. Bibi Minza hakufanya kitu."

Sitta alijaribu. Alifika njia ya nne bila shida. Akageuka akiwa anatabasamu.

"Kabula, unamtetea tu. Bibi ameitoa dawa yake huko aliko, ndiyo maana imepona."

Walicheka, wakakubaliana naye. Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilifikiri ukweli ukishatamkwa kazi imekwisha. Nikaona kwamba hata nikiapa mpaka jioni, watoto wale na watu wazima waliokuwa nyuma yao wangenihurumia, na ungo usingerudi mlangoni. Mashine nzima ilikuwa ushahidi dhidi yake: ikiharibika ni yeye, ikipona ni yeye.

Nikashuka. Nikaingia jikoni, nikarudi na chupa ya mafuta.

"Unafanya nini wewe?" Mjomba aliruka kutoka kwenye kiti.

"Naiharibu tena."

Nikautoa mpira mbele yao wote. Nikaupaka mafuta. Nikakwangua nyuzi za pamba kutoka kwenye wavu wa dirisha, nikaubingirisha ndani yake, nikaurudisha. "Cheza, Sitta."

Gololi haikwenda. Haikwenda. Ikaruka, ikavunjika.

"Bibi yuko wapi sasa hivi?" nikamuuliza.

"Sapiwi."

"Mkono wake una urefu wa kutoka Sapiwi?"

"Uchawi haulipi nauli!" akapaza sauti mtu wa nyuma, na banda zima likaangua kicheko.

"Sawa," nilisema. Nikasafisha kwa mwiba, wakiangalia. Sitta akacheza, ikaenda. Nikapaka mafuta tena. Akacheza, ikavunjika. Nikasafisha. Mara ya tatu nilipoichukua ile chupa, wachezaji waliokuwa wanasubiri zamu walianza kunung'unika.

"Basi, Kabula."

"Bado. Kuna anayesema ni yeye?"

"Hakuna! Tumeelewa, acha tucheze!"

"Semeni ni nini."

"Mafuta! Ni mafuta yako, mwendawazimu wewe! Safisha!"

Niliupaka mara ya tatu hata hivyo, nikausafisha kwa mara ya mwisho. Sikushinda kwa sababu waliniamini. Nilishinda kwa sababu niliwachosha, na sijawahi kuona tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Mjomba alinishika sikio, akanitoa nje. Nilifungua kiganja. Ndani kulikuwa na kipande nilichokitunza cha kile kitambaa cha kijivu chenye unga mweusi.

"Na huu ni wa nani, Mjomba?"

Aliliachia sikio. "Panda pikipiki," alisema.

Tulimkuta Bibi Minza uani kwa kaka yake, anabangua karanga. Nilipiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakunyanyua macho.

Nilimweleza yote, kuanzia kiganja chake mpaka chupa. Karanga ziliendelea kudondoka kwenye beseni, moja moja.

"Mafuta gani?" aliuliza.

"Ya pamba."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mkono kama wako."

Akaacha kubangua. "Si ungeniuliza?"

Nikaokota karanga, nikaibangua mimi. Kisha akamgeukia Mjomba, ambaye alikuwa anachezea ufunguo wa pikipiki.

"Na wewe, Maduhu? Wewe una miaka kumi na mmoja?"

"Nisamehe, mayu. Njoo ukae mahali pako."

"Nitakuja siku nitakayotaka. Siji kwa pikipiki yako."

Alikuja Jumatano, kwa miguu yake. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa palepale. Aliinyanyua kwa mkono wa kushoto, akaiweka pembeni, akautua ungo. Halafu hakukaa. Aliingia ndani, akapita katikati ya vijana bila kuomba njia, akasimama nyuma ya Sitta mpaka Sitta akanyanyuka mwenyewe.

Akaweka kiganja juu ya mpira. Akauzungusha kama zamani. Gololi ilitambaa kama konokono, saa ikaisha ikiwa bado njia ya kwanza. Nilisikia mtu akivuta pumzi, na nikaogopa kwamba tunaanza upya.

"Mmeufunga," alisema Bibi Minza. "Haukuwa hivi."

Ilikuwa kweli. Niliweka 35 kwa ajili ya viganja vya wale wanaopiga vibao, na kwa ajili ya changu. Kiganja kinachozungusha taratibu hakikupata kitu. Namba ya mwanzo, ile ya siku aliyofika kwenye bendera, hakuna aliyewahi kuiandika.

"Mwambie atumie nguvu," alisema Sitta.

"Hapana," nilisema. Nilimsukuma, na alikuwa mkubwa kwangu kwa kichwa kizima. "Zungusha, Bibi."

40. "Bado." 50. "Bado, inavuta miguu." 70. "Umezidisha, inanikimbia." 60. Akainamisha kichwa, kama anayesikiliza karanga kwenye kikaango. "Kidogo tu." 62.

Gololi ikashuka. Njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Njia ya nne akaanguka, akasema neno la Kisukuma ambalo sitaliandika, akaenda kwenye karanga zake.

"Sasa rudisha namba yetu," alisema Sitta.

Nilichukua kalamu ya wino, nikageuza kile kifaa, nikaandika chini yake 62. "Hii ndiyo yetu," nilisema. "Atakayetaka kucheza ajifunze kuzungusha."

Nilidhani Mjomba angenipinga. Alikuwa mlangoni, ananunua karanga. Bibi Minza alimpimia kwa mkono wa kushoto, kikopo kikajaa mpaka juu, naye akapokea mbele ya watu.

Banda lile halipo tena, wala Bibi Minza. Kile kifaa kiko mezani kwangu ninapoandika. Ninacho kipya zaidi, kinachotumia mwanga na hakina vijiti vya kuziba, na marafiki ninaocheza nao huniambia 62 ni namba mbaya, ni nyepesi mno, mkono wa kawaida hauiwezi. Hufungua mipangilio nisipokuwepo, wakashusha. Mimi hufungua nikirudi, nikaipandisha. Wino wa chini umefifia. Mwaka huu nimeuandika tena, kwa mkono wa kushoto, mara moja tu, na mkia wa 2 umekaa vibaya. Sikuufuta.